Kirusi cha Wifi Fumua

Wifi yangu aliamua kujifunza Kirusi akiwa na miaka hamsini na tisa, na alinipa habari hiyo huku ameuma pini tatu mdomoni. Nilidhani sikusikia vizuri. Akazitoa pini, akazichomeka kwenye kola ya gauni alilokuwa analishona, akarudia.

"Kirusi, wifi. Nina miezi minne. Washa hiyo kompyuta yako."

Mimi nina duka la fotokopi, na chumba chake cha kushonea kimepakana nalo. Kati yetu kuna mlango ambao hatujaufunga miaka na miaka. Yeye husikia ugomvi wangu na wateja wanaotaka nakala ya kitambulisho ilhali kitambulisho chenyewe wamekiacha nyumbani. Mimi husikia cherehani yake, na zaidi ya cherehani husikia mkasi mdogo wa kufumulia. Watu wote humwita Fumua. Mteja anaweza kuwa ameshalipa, nguo iko mfukoni, mguu mmoja uko nje, na bado wifi akamwita arudi kwa sababu ameona pindo limepanda kidogo upande wa kushoto. Marehemu kaka yangu alikuwa akisema, "Nilioa mke, nikapewa na mkaguzi juu."

Ana desturi moja ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hadithi yote haisimami. Kila anayekuja kujifunza ushonaji kwake hukaa wiki mbili akikata na kupiga pasi. Wiki ya pili ikiisha, wifi hushona shati zuri na kwa makusudi huweka mkono mmoja vibaya, halafu humpa mwanafunzi alipige pasi. Anayepiga pasi kimya kimya anarudishwa wiki mbili nyingine. Anayeinua kichwa akasema, "Mwalimu, mkono huu umekaa vibaya," huyo wifi humtazama, huitikia kwa kichwa, na humwambia neno moja tu: "Utabaki." Nimeona watu wazima wakitokwa na machozi kwa neno hilo. Nilipomwuliza kwa nini anawasumbua hivyo, alinijibu kwamba anayeogopa kumsahihisha mwalimu siku moja atanyamaza na nguo ya mteja iharibike.

Sasa Kirusi kiliingiaje? Mwanawe wa pekee alikwenda ughaibuni kusoma, akaoa huko, akazaa binti. Mkwe wetu ni Mrusi. Kijana wetu hushinda kazini, na mtoto hukua na lugha ya anayemvisha viatu, kwa hiyo mjukuu alikua na Kirusi kitupu. Alipoletwa mara ya kwanza alikuwa na miaka minne. Siku kumi nzima alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Wifi akimsemesha, analia. Wifi akinyamaza, analia vilevile. Siku ya kuondoka alikataa hata kushikwa mkono. Wiki ile wifi alifumua nguo ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mjukuu sasa ana miaka saba. Baada ya miezi minne wazazi wake wangekuwa na mafunzo ya kazi ya wiki tatu katika mji mwingine, wakaomba kumwacha kwa bibi yake. Mkwe alikuwa mkweli, na mimi humpenda kwa hilo. Alisema kwenye simu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, tutakaa siku tatu pamoja. Siku tatu akilia, tutakwenda naye. Sitaki aumie." Wifi akasema sawa. Akakata simu, akauma pini zake, akaja kwangu.

Kompyuta yangu ina akili mnemba, ile programu unayoiandikia swali ikakutungia maandishi. Mimi huitumia kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. Tulifupisha jina, tukaiita Mnemba kama mtu wa nyumbani. Asubuhi ya kwanza kabla ya wateja, wifi aliniambia niandike: nitungie maneno ya kumwambia mjukuu wangu kwamba nimemkumbuka sana. Kufumba na kufumbua, Kirusi hiki hapa, na chini yake matamshi kwa herufi zetu: ya po tebe skuchal. Nilipiga makofi. Kwa kweli nilisisimka, maana miaka yote hiyo lugha ile ilikuwa ukuta, na sasa ilikuwa inatoka kwenye printa yangu.

Wifi alikariri siku mbili, akamrekodia mkwe kwa simu. Jibu lilikuja likiwa limejaa kicheko. Alikuwa amesema kama mwanamume. Warusi wakisimulia jambo lililopita, kitenzi chenyewe hutangaza kama msemaji ni mwanamke au mwanamume. Sisi Kiswahili chetu hakijali. Mnemba hakuambiwa, na hakuuliza, akaamua tu kwamba anayeandika ana ndevu.

"Amekata suruali bila kupima mteja," alisema wifi. Hakukasirika. Alipenda, nilimwona, kwa sababu kosa la aina hiyo alilijua. Tangu siku hiyo kila tulipofungua Mnemba, jambo la kwanza lilikuwa vipimo: mimi ni mwanamke, ni bibi, ninayeongea naye ni mtoto wa kike wa miaka saba. Mara moja tulisahau, tukaomba tu maneno yenye heshima, na Mnemba akamwandikia mtoto kama anavyoandikiwa waziri. Mkwe alipomsomea, mtoto aliuliza barua hiyo imetoka ofisi gani.

Halafu tukakutana na mikia. Neno la Kirusi halitulii. Hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi linayoifanya kwenye sentensi, na kazi hizo ziko sita. Mnemba alitupa majina ya zote sita na jedwali ambalo mimi lilinipa kizunguzungu. Wifi alilitazama jedwali, akaniomba nilichape kubwa, akaenda nalo chumbani kwake. Kesho yake nilikuta ukutani misumari sita, kila msumari una uzi wa rangi yake. Maneno alikuwa ameyaandika kwa chaki kwenye vipande vya kitambaa, na mikia kwenye vipande vidogo vya kubandika kwa pini. Mteja akija kupimwa kiuno anakuta fundi anabandua mkia wa neno "sindano" na kuweka mwingine, huku midomo inacheza. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama wifi ameingia dini mpya.

Na Mnemba, tusimnyime haki yake, alikuwa hachoki. Wifi alitaka sentensi za sindano, vifungo, sketi na mifuko, kwa sababu alisema hawezi kumsimulia mtoto mambo asiyoyajua. Akapewa hamsini. Akataka hamsini nyingine. Mwalimu gani wa damu na nyama angekubali? Nilikuwa nafungua duka mapema kuliko kawaida yangu, nikingoja kusikia leo tutajua nini. Mwezi wa pili wifi alianza kutunga mwenyewe, na Mnemba akawa anamsifu. Vizuri sana. Hongera. Unaendelea kwa kasi ya ajabu. Mimi nilivimba kichwa kwa niaba yake. Yeye akawa anamtazama Mnemba jinsi anavyomtazama mwanafunzi wa wiki ya pili.

Siku moja akaniambia niandike: ya sshila tebe yubka. Nimekushonea sketi. Nikaandika. Mnemba akajibu kwamba sentensi ni nzuri, inaeleweka, na ina upendo ndani yake.

"Mkia huo si wake," alisema wifi taratibu. "Ilitakiwa yubku. Nimeweka mkono vibaya makusudi, na huyu amepiga pasi."

Nilisoma tena jibu la Mnemba. Ilikuwa kama kumfuma shemeji anadanganya.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akaendelea. "Siku zote hizi amenisifu. Sijui nimekunywa maji kiasi gani."

Akanifanya niandike amri mpya, neno kwa neno: usinisifu. Nitafutie kosa. Kama halipo, sema halipo. Mnemba akabadilika kabisa. Sentensi kumi tulizokuwa tunajivunia zilirudi saba zina kosa, na kila kosa limeelezwa sababu yake. Wifi alifurahi kama mtu aliyepata pesa kwenye koti la zamani. Alifumua zote saba, akazishona upya. Siku nyingine Mnemba alitafuta kosa hadi akalizua pasipokuwa nalo, na ikabidi mkwe awe mwamuzi kwa simu. Wifi akasema hata hiyo ni afadhali kuliko sifa.

Walipofika, alikuwa na sentensi mia mbili zilizonyooka. Nilikuwepo. Mtoto aliingia chumba cha kushonea ameshika mkono wa mama yake, mrefu kuliko picha zake, ana pengo la meno ya mbele. Wifi aliinama akasema maneno yake ya kumkumbuka, yenye mkia wa kike, bila kukwama. Kijana wetu alifungua mdomo. Mkwe machozi yalimlengalenga. Mtoto alimtazama bibi yake, akarudi nyuma ya sketi ileile.

Siku ya pili wifi alimwaga sentensi zake za vifungo na mifuko, moja baada ya nyingine, safi kabisa. Mtoto hakulia. Hakujibu pia. Jioni, mezani, mkwe alisema kwa upole kwamba huenda wakaondoka naye tu. Nikaanza kuhesabu hasara. Miezi minne, misumari sita, rimu nzima ya karatasi yangu.

"Kesho bado ni siku ya tatu," alisema wifi, akaondoa sahani.

Asubuhi alitoa sketi nyekundu aliyoishona kwa kukadiria kwa macho, akaitandaza mezani. Mkwe alikuwa mlangoni, mtoto yuko nyuma yake.

"Ya sshila tebe yubka," alisema wifi kwa sauti kubwa.

Nilijua. Hata mimi nisiyejua kitu niliujua mkia ule. Nikadhani mama wa watu ametetemeka, nikakohoa ili nimkumbushe, na kisigino chake kikashuka juu ya vidole vya mguu wangu. Ndipo nikaelewa. Nikameza kikohozi, nikatazama dari.

Mtoto alikunja uso. Alimtazama mama yake, ambaye, Mungu ambariki, alinyamaza. Kisha kutoka nyuma ya sketi ya mama kikatoka kisauti.

"Yubku."

"Yubka?" wifi aliuliza, ameweka mkono sikioni.

"Yubku." Sasa alikuwa ametokeza bega.

"Yubka," wifi akatikisa kichwa kwa ukaidi hadi nikataka kumpiga.

Mtoto alitoka. Alivuka chumba kizima, akasimama mbele ya bibi yake, akaishika ile sketi, akalitamka neno polepole, silabi kwa silabi, jinsi unavyomwonyesha mtu mzito wa kuelewa. Wifi akalirudia sawasawa. Akamtazama yule mtoto, akaitikia kwa kichwa, na akasema kwa Kiswahili, "Utabaki."

Mtoto akamgeukia baba yake kutaka tafsiri. Akaambiwa. Akalirudia neno lile kwa midomo tu, akapanda kwenye kiti cha cherehani. Kufikia saa sita mchana alikuwa amegundua ukutani makosa manne ya bibi yake, matatu ya makusudi na moja la kweli, na alikuwa anabandua pini na kubandika mikia huku anagomba. Wazazi waliondoka siku ya nne. Aliwapungia mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na chaki.

Nilimwuliza wifi baadaye alijuaje. Akasema siku mbili zile alimwona mtoto anafungua mdomo na kuufunga. "Nilikuwa nimenyooka mno, wifi. Yeye angeongeza nini?"

Wiki ya pili ikiisha, tulikuwa watatu chumbani tunakunywa chai. Kiswahili cha mjukuu kilikuwa kinaota kila siku, cha kuulizia vitu na cha kukataa kulala. Aliweka kikombe chake mezani, akasema wazi kabisa:

"Bibi, chai kimepoa."

Nilitaka kucheka. Lakini niliona kwamba hakuwa anatazama kikombe. Alikuwa anamtazama bibi yake kwa pembe ya jicho, amebana pumzi, na jana yake tu nilimsikia akiomba chai iliyopoa bila kosa lolote.

Wifi aliweka mkasi chini.

"Imepoa," alisema. "Chai imepoa."

Mtoto alimkagua kwa muda, bila haraka. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Utabaki," akamwambia.