Siku Mimi na Mama Mkwe Tulipomshika Kasa

Mwanangu, wewe ulimjua susu yako, mama yake babako, akiwa mtu wa hadithi na vicheko. Mimi sikumpata hivyo. Nakumbuka siku zetu za kwanza pamoja, na nakumbuka hasa asubuhi moja baharini ambayo bado hunifanya nicheke peke yangu jikoni. Keti nikusimulie.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo imeanza, na mimi na babako tulikuwa na miezi michache tu tangu harusi. Tulipanga nyumba ndogo hapa hapa Mountain View. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya mawakili huko tao, naye babako alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Parklands. Mama yake akaja kutoka Kitui kukaa nasi kwa majuma kadhaa, na mwanangu, mama huyo alikuwa haongei. Nikimwekea chai, ananiambia, “Asante.” Nikimuuliza kama amelala vizuri, ananijibu, “Vizuri.” Basi. Hapo mazungumzo yameisha.

Nami unajua nilikolelewa. Kule kwetu Uthiru kila mtu huongea kwa wakati mmoja, na anayenyamaza ama anaumwa ama amekasirika. Nikaamua moyoni kwamba huyu mama hakunitaka. Labda alitaka mwanawe aoe msichana wa kwao. Kwa hiyo nikazidi kuongea, nikidhani maneno yangu yatamlainisha. Nilimweleza habari za ofisini, za majirani, za bei ya nyanya, hata za watu asiowajua. Yeye ananitazama tu.

Wakati huo wanandoa wachanga wa kanisa letu walikuwa wamepanga safari ya kwenda Watamu kuangalia wanyama wa baharini, na mimi na babako tulikuwa tumejiandikisha. Siku zilipokaribia, mwenzake kazini akaugua, ikabidi babako ashike zamu yake.

“Si uende na Mama?” akaniambia, kama mtu anayekuomba umpitishie chumvi.

“Na Mama? Sisi wawili?”

“Hajawahi kuona bahari, Shiku.”

Ningesema nini hapo? Tukaenda.

Asubuhi yetu ya kwanza huko maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea juu ya mchanga uliolowa, kwenye vidimbwi vilivyobaki kati ya mawe. Nahodha aliyetuongoza aliitwa Bakari, mtu mpole mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Akatuonyesha kaa waliokimbia upande upande, akatuonyesha kiti cha pweza, yule mnyama mwekundu mwenye mikono mitano kama nyota. Susu yako alivua viatu akachuchumaa kando ya kidimbwi, akamtazama yule mnyama kwa muda mrefu sana. Mimi nimesimama juu yake: “Mama, umeona anavyosogea? Mama, njoo huku kuna mwingine! Mama, angalia samaki yule wa manjano!”

Baadaye, maji yalipoanza kujaa, tulipanda mashua ya injini, tukatoka nje ya mwamba wa matumbawe kutafuta pomboo. Wenzetu wote walikuwa wakipiga kelele, na mimi niliwashinda wote. Tulizunguka na kuzunguka, wala hatukuona hata mkia. Bakari akazima injini. Mashua ikabaki ikiyumba taratibu, mimi bado naongea. Ndipo nikahisi mkono mgumu wa mkulima ukitua juu ya goti langu.

“Wanjiku,” susu yako akasema, akiniita kwa jina langu kamili. “Nyamaza kidogo. Wacha tuone.”

Mwanangu, kila mtu alisikia. Niliona aibu, uso ukanichoma, nikageuka kutazama maji ili watu wasione machozi. Nikajiambia, sasa amesema wazi kwamba amenichoka.

Ni kwa sababu nilikuwa nimegeukia upande ule na kunyamaza ndipo nikasikia. Kitu kilivuta pumzi. Kilikuwa karibu, sauti ya kukwama, kama mtu mwenye pumu. Nikaangaza macho nikaona kichwa kidogo kikitokeza, kisha kikazama, kisha kikatokeza tena kwa shida.

“Kasa,” Bakari akasema. “Amenaswa na kipande cha wavu.”

Akasogeza mashua polepole kwa kasia. Wavu ulikuwa umemfunga bega na shingo, na kila akijaribu kuzama unamkaza zaidi. Bakari akachomoa kisu. “Nahitaji mikono ya kumtuliza, la sivyo nitamkata.” Watu wakarudi nyuma. Nawaelewa, alikuwa mkubwa kama karai la kufulia, na alikuwa akipigapiga maji kwa hasira.

Susu yako akajifunga leso kiunoni, akapiga magoti, akainama juu ya ukingo akashika gamba kwa mikono miwili. Kisha akanitazama. “Njoo. Shika hapa nyuma. Usiachilie.”

Nikashika. Gamba lilikuwa linateleza kwa mwani, na yule kasa akanipiga maji usoni hadi puani. Nikafumba macho nikang'ang'ana. Na hapo ndipo niliposikia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia: mama mkwe wangu alikuwa anaongea. Anaongea kwa Kikamba, maneno mengi, laini, yanafuatana bila kukatika, kama mtu anayembembeleza mbuzi anayezaa. Bakari anakata, uzi baada ya uzi, naye mama anaongea tu. Kasa akatulia. Uzi wa mwisho ulipokatika, alibaki mikononi mwetu kidogo, kana kwamba haamini, kisha akapiga mikono yake mara moja akateremka kwenye maji ya buluu.

Susu yako akacheka! Akacheka kwa sauti, akanipiga mgongoni kwa furaha hadi nikakohoa. “Umeona? Umeona vile ameenda?”

Tulikuwa bado tunacheka, tumelowa chapachapa, pomboo walipotokea. Kundi zima, wakiruka mbele ya mashua, migongo iking'aa. Susu yako alinishika mkono, na hakuuachilia hadi walipopotea.

Tulipokuwa tukirudi ufuoni nikamuuliza, “Mama, ulikuwa unamwambia nini yule kasa?”

“Nilimwambia asiogope. Hii mikono ni ya mama na msichana wake.”

Nikamuuliza basi mbona nyumbani haongei na mimi.

“Kiswahili yangu ni ya soko,” akasema, akiangalia vidole vyake. “Wewe unaongea kama redio. Niliogopa utanicheka.”

“Na mimi naongea hivyo kwa sababu nakuogopa wewe!”

Alicheka hadi leso ikamfunguka.

Tuliporudi hapa, babako alitufungulia mlango akatukuta tunaongea wote wawili kwa pamoja, yeye kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikamba, mimi kwa kila lugha niliyokuwa nayo. Akasimama pale na mwiko mkononi, akasahau kutukaribisha.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ukikutana na mtu anayenyamaza, usiharakishe kusema anakudharau. Pengine anakuogopa kama unavyomwogopa. Mpe nafasi, kaa naye bila kumjaza maneno, na mkipata jambo la kufanya kwa mikono yenu, lifanyeni pamoja. Na mtu mzima akikuambia unyamaze, usikimbilie kuumia. Sikiliza kwanza, huenda kuna kitu kinachopumua karibu nawe ambacho hujakisikia.

Mungu akupe watu wa kukupenda kwa lugha yoyote wanayoijua. Akupe masikio ya kuwasikia, na nyumba isiyokosa kicheko. Ubarikiwe, mwanangu.