Maji Yasiyokupwa

Mama ameuza kanga Kariakoo maisha yake yote, na maji makubwa aliyoyazoea ni ya bahari tu. Mwaka jana nilimpeleka kuona ziwa lililo juu mlimani, katikati ya msitu wa hifadhi. Tulipofika ukingoni alivua viatu, akarudi navyo nyuma kabisa, akaviweka juu ya jiwe.

"Maji yakijaa yatavibeba," alisema.

Nilikuwa nimechoka kupanda, nikamjia juu. "Mama, hili ni ziwa! Halijai, halikupwi."

Akayatazama yale maji, ukungu ukishuka taratibu kwenye miti. "Kwa hiyo yapo tu hapa hapa? Siku zote?"

"Siku zote."

Akavifuata viatu vyake, akaviweka kando ya maji, akakaa. Kumwondoa pale ilikuwa kasheshe.

Siku hizi anaumwa, hatoki ndani. Nikishafunga duka napitia kwake Magomeni, lakini nina haraka zangu, kila mara naangalia simu. Jana nimeinuka tu, akaniuliza, "Ndiyo unakupwa?"

Nikakaa tena. Nikavua viatu, nikaviweka kando ya kitanda chake.