Mlinzi anayehamisha barua pamoja na saa zake

Saa mbili na robo asubuhi, Riyadh. Protus Wekhulo anavua kofia ya ulinzi, anaitundika kwenye kitasa cha mlango na kukaa mbele ya kompyuta mbili. Kabla hajagusa chochote, anararua kipande cha boksi la majani ya chai na kuandika juu yake tarehe tatu na saa tatu.

"Hizi ni barua zangu za majaribio," anasema. "Nahamisha tatu kwanza. Zikifika upande wa pili na saa hizi hizi, naachilia zote. Zikikosea hata dakika moja, mafi. Hakuna kitu kinatoka hapa."

Kwenye ikama yake, kibali cha kuishi Saudia, imeandikwa mlinzi. Ana miaka thelathini na minne, ni mtu wa Kimilili, na aliingia Saudia mwaka 2013 kwa mshahara wa riyali 1,300. Mwaka uliofuata kafili wake, mdhamini wake na mwenye kampuni ya malori, alimkuta getini akimrekebishia dereva simu. Akamwambia, "Yalla, ingia ofisini." Tangu hapo Protus hulinda geti asubuhi mapema na jioni, na katikati yake hukaa na kompyuta.

Kazi kubwa huja Novemba. Masanduku yote ya barua pepe ya Riyadh, zaidi ya barua elfu thelathini, hunakiliwa kwenye diski na kupelekwa ofisi ya Jeddah. Humo kuna hati za mizigo, malalamiko ya wateja, na kitu ambacho wafanyakazi wanakijali kuliko mizigo yote: maombi ya likizo ya Disemba, ambayo wafanyakazi wote, hata wa Jeddah, huyatuma Riyadh.

Nafasi za Disemba ni sita. Aliyeomba mapema ndiye anayepanda ndege. Wengine hupewa miezi ya joto, wakati huko nyumbani watoto wako shuleni na hakuna harusi wala sherehe ya maana.

Anayepanga foleni hiyo ni Haroub, karani wa Jeddah. Wazazi wake walitoka Unguja mwaka 1964, yeye akazaliwa Jeddah, lakini Kiswahili chake bado ni cha Malindi ya Unguja. Barua hazifungui. Huamuru kompyuta ipange orodha kwa tarehe iliyo nje ya kila barua, akahesabu sita za juu, halas.

"Nizifungue zote mie nina macho mangapi?" anauliza kwa simu, akicheka. "Na ndani mna vilio, bwana. Huyu mamake mgonjwa, yule mkewe kanuna. Mie natazama nje tu."

Mwaka jana Protus alinakili barua zile kama mtu anavyonakili picha za harusi. Alizitoa kwenye sanduku, akazimwaga kwenye diski, akaenda zake getini. Hakujua kwamba njia aliyoitumia ilizipa barua zote tarehe mpya ya nje: tarehe 8 Novemba 2015, siku ya kuhamishwa.

Kule Jeddah, Haroub alipopanga kwa tarehe, zote zikawa sawa. Kompyuta ikazipanga kwa majina ya walioziandika. Amir akaongoza, Elly akafuata, kisha Jerusha, Justus na Morgan. Wa sita akawa Protus. Wa saba, Rosebellah.

Rosebellah ni mpishi katika nyumba ya bosi, Al-Hamra, Jeddah. Ndiye aliyekuwa ameomba kabla ya wote, tarehe 4 Januari, kwa sababu Disemba ile bintiye Mirriam alikuwa anaolewa. Harusi aliitazama kwenye simu, amesimama kando ya jiko, madam akiita kila dakika kuuliza wali umefikia wapi.

Protus alikuwa Kimilili siku hiyo, akimbeba mwanawe Mourine mabegani. Habari ilimfikia aliporudi.

"Nilifungua barua ya Mama Mirriam. Ndani kulikuwa na tarehe yake ya kweli, Januari nne. Nje, Novemba nane. Nikajua nimeenda nyumbani na nafasi ya mtu."

Nani angemwamini kwamba hakukusudia? Al-Shumaisi, mtaa wa Riyadh ambako Protus na wenzake wanaishi wanaume wanane katika vyumba viwili, Ijumaa hujaa wageni hadi viatu vinakosa pa kukaa mlangoni. Sufuria ya ugali ikishuka, hadithi hupanda. Ya Protus ililiwa miezi mitatu. Wengine walisema amejipanga mwenyewe. Wengine wakasema amelipwa na Morgan. Morgan, dereva wa lori, alijibu kwamba angekuwa na pesa za kuhonga mtu angenunua godoro.

Rosebellah alimpigia mara moja tu. "Baba Mourine, sikulaumu. Lakini ukishika barua ya mtu, ishike vizuri."

Basi akajifunza. Wakati wa chakula alitazama video, akajaribu, akaharibu, akajaribu tena, mpaka akapata amri ya kunakili inayobeba barua pamoja na saa zake. Kipande cha boksi ni nyongeza yake mwenyewe. Hamwamini mtu, hasa mtu anayeitwa Protus.

Leo tarehe tatu za majaribio zinafika salama. Anaachilia zote. Elly, mlinzi mwenzake, ameingia kujaza chupa ya maji na hatoki.

"Bro, hiyo kitu inaweza kubadilisha tarehe pia?"

"Inaweza."

"Sasa si ujisukume mbele kidogo? Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe huhesabiwi!"

Elly bado hajaiona orodha. Orodha inapokaa sawa, Rosebellah ni wa kwanza. Elly ni wa sita: tarehe 3 Februari, saa mbili na dakika tisa. Protus ni wa saba: siku hiyo hiyo, saa mbili na dakika kumi na nne. Elly hakujua kuandika barua pepe. Protus alimkalisha kwenye kiti hiki hiki, akamwandikia, akamtumia, kisha ndipo akaandika yake.

Protus anaitazama orodha muda mrefu kuliko inavyohitaji. Kisha anachomoa diski, anaifunga kwa kitambaa na kuitia kwenye mfuko ambao Morgan ataupeleka Jeddah. Juu yake anaweka viatu vyeusi vya shule vya Mourine, namba thelathini. Rosebellah, anayekwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, ameahidi kuvifikisha Kimilili.

"Anavaa ishirini na nane," anasema. "Lakini mimi nitapewa Julai. Nataka nivikute bado vinamtosha."

Maombi ya Disemba ya mwaka ujao yanafunguliwa tarehe mosi Januari. Protus ameshaomba zamu ya ofisini asubuhi hiyo.

"Na yangu utaniandikia?" Elly anauliza kutoka mlangoni.

"Nitakuandikia," anasema Protus, akivaa kofia. "Yangu ikishaenda."