Mwiko sikioni: fundi wa pampu aliyeomba ruracio inyamaze

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, nyuma ya ploti moja ya ghorofa mtaani Kihunguro, Ruiru, Ndunge Mwau amepiga magoti mbele ya pampu ya maji inayonguruma bila kupumzika. Nyuma yake sufuria kubwa ziko motoni, hema limesimama, na akina mama waliovalia leso za rangi moja wanamenya viazi vya kupondea mukimo. Leo ni ruracio, sherehe ya kupokea mahari, ya Wangechi, binti wa nyumba ya chini. Wakwe wako njiani kutoka Thika na mbuzi wao, na mifereji ya ploti inatoa maji kama machozi ya mtu anayejifanya analia.

Wa kulaumiwa ameshapatikana. Pampu hii ni mpya, na Ndunge ndiye aliyeichagua dukani, akaileta, akaifunga mwezi uliopita.

"Ile ya zamani ilikuwa inakohoa, lakini tulikuwa tunaoga," anasema Rachael, mama wa bibi harusi mtarajiwa, ambaye ploti nzima humwita Mama Wangechi. Hasemi kwa kunong'ona. "Hii tumeletewa na huyu mama wa Kiandutu. Sasa tupikie wakwe na mate?"

Wamenya viazi wanacheka.

Ephantus, msimamizi wa ploti, anainama kando yake na kumpa habari za simu. Mwenye ploti amesema maji yasiporudi kabla wakwe hawajaingia, ataleta fundi mwingine, tena si wa hapa tu. Ana ploti sita kati ya Ruiru na Juja, na pampu za zote ziko mikononi mwa Ndunge.

"Si mimi nimesema, dada," anajitetea Ephantus. "Mimi ni paipu tu. Maneno yanapita."

Ploti hizo sita ndizo zilizomtoa Ndunge kwenye kibarua. Mwezi mzuri zinamletea kama shilingi elfu ishirini na tano, zinazolipa chumba chake katika mtaa wa mabanda wa Kiandutu, Thika, na karo ya wanawe wawili. Kabla ya hapo alikuwa anauza githeri ya mahindi na maharagwe kando ya kioski cha maji mtaani humo, mbele ya foleni ya mitungi na umbea.

"Pale kioski nilijua nani ameachana na nani kabla wao wenyewe hawajajua," anasema. "Na pampu ya kile kioski ilikuwa inakufa kila wiki. Fundi wake, mzee Muasya, alikuwa anakula githeri yangu kwa deni, basi nikamwambia anilipe kwa kunionyesha kazi."

Lakini kitu anachokitegemea kuliko spana hakukipata kwa mzee Muasya. Alikipata kwenye sufuria. Mwuza githeri akisimamisha mwiko ndani ya chungu, anasema, mkono unasikia chini kunavyochemka, na githeri ikikauka mwiko unamwambia kabla ya pua. Siku moja aliuegemeza mwiko huo kwenye paipu ya kioski, akaweka sikio, akasikia maji yakikimbia mahali ambapo hayakupaswa kukimbia. Mzee Muasya alicheka mpaka akapaliwa. Kisha wakachimba hapo, wakakuta paipu imepasuka.

Sasa hapa Kihunguro anaanza na pampu yenyewe. Anafunga valvu iliyo mdomoni mwake, pale maji yanapotoka kwenda kwenye nyumba. Pampu inanguruma kidogo zaidi, inashusha pumzi, inanyamaza.

"Umeona?" anamwambia Ephantus. "Si mgonjwa. Angekuwa mgonjwa asingelala. Kuna mahali anaitwa usiku na mchana."

Pampu ya aina hii huamka mfereji unapofunguliwa na kulala unapofungwa. Isipolala, kuna maji yanayotoka mahali. Ndunge anaifungua tena, kisha anafunga paipu moja moja zinazopanda ukutani. Akifunga ya mbele, pampu inaendelea kulia. Akifunga ya nyuma, inanyamaza.

"Basi tufunge hiyo ya nyuma, mambo yaishe," anasema Ephantus.

"Na vyoo vya wageni je? Na hawa wapishi? Vyote viko upande huu."

Wanapita mlango kwa mlango upande huo wa nyuma. Kila nyumba ina watu na mifereji yote imefungwa. Mlangoni kwa Mama Wangechi wanakuta sebule tupu kama kanisa la Jumatatu, viti vya plastiki vimepangwa kwa safu, tayari kwa wakwe.

"Hapa kwangu wa jikoni umefungwa, wa choo umefungwa," anasema Mama Wangechi. "Tafuta ugonjwa kwa pampu yako, mama. Usitafute kwangu."

Ndunge anarudi nje. Ukuta ni mrefu, paipu ni nyingi, na tangi la chini ya ardhi limeshashuka zaidi ya nusu. Likiisha, hakuna fundi atakayeokoa siku hii. Anamwendea Warigia, mpishi mkuu, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, na kumwomba mwiko.

"Una njaa ama unataka kuchapa mtu?"

"Nataka kusikiliza."

Warigia anapangusa mwiko kwa leso na kumpa, macho yamemtoka. Ndunge anauegemeza kwenye paipu, anaweka sikio kwenye mpini. Anasikia nyimbo za akina mama. Anasikia sufuria, kinu, na spika ya jirani. Maji hayasikiki.

Wakati huohuo, wakwe wanafika getini. Kwa desturi hawafunguliwi hivi hivi. Wao huimba nje wakiomba kuingia, na akina mama wa ndani huwajibu kwa nyimbo za kuwachokoza mpaka roho iridhike. Sauti zinapanda pande zote mbili. Hapo ndipo Ndunge anaposimama juu ya kreti na kufanya jambo ambalo Kihunguro bado inalisimulia.

"Mama zangu, nawaomba. Nyamazeni kidogo tu."

"Ati nini?" anauliza Mama Wangechi. "Ruracio haikai kimya. Unataka wakwe waseme kuna matanga?"

Anayemwokoa ni Warigia. "Mwacheni. Mkinyamaza mtapata maji, mkiimba mtapata kiu. Ephantus, nenda uambie wa nje wapumzishe koo."

Nyimbo zinakatika. Nje ya geti wazee wa Thika wanatazamana, mbuzi mmoja analia, kisha ploti nzima inatulia, watu na leso zao, visu vikiwa hewani juu ya viazi. Ndunge anasogea paipu kwa paipu, mwiko sikioni. Ya kwanza iko kimya. Ya pili kimya. Kwenye ya tatu anafumba macho. Anausogeza mwiko chini kidogo, mpaka kwenye dirisha dogo la nyumba ya chini.

"Hapa," anasema kwa sauti ndogo. "Maji yanakimbia kama mtu anayefukuzwa."

Ni dirisha la bafu la chumba cha kulala cha Mama Wangechi.

Watu wanaingia ndani kwa wingi, maana habari kama hiyo haiachwi ikae peke yake. Chumba cha kulala kimejaa hadi dari: makochi, kabati la vyombo, meza, zulia lililokunjwa, vyote vilitolewa sebuleni Alhamisi ili wakwe wapate nafasi. Nyuma ya kabati kuna mlango wa bafu ambao hakuna aliyeukumbuka. Vijana wanavuta makochi, kabati linasogea, mlango unafunguka.

Mfereji umefunguliwa hadi mwisho. Chini yake ndoo imejaa, inafurika, na maji yanateremka taratibu kwenye tundu la sakafu, yanaingia mtaro uliofunikwa nje, bila kumlowesha mtu hata kidole.

Kila mpangaji aliyesimama hapo anaelewa mara moja, kwa sababu hata yeye hufanya hivyo. Maji yakipotea, unaacha mfereji wazi na ndoo chini, ili yakirudi uyasikie. Alhamisi stima ilipotea, pampu ikazima, na Mama Wangechi akatega ndoo yake. Kisha vijana wakaja na makochi. Stima iliporudi, alikuwa anakimbizana na hema hili, mpishi yule, na sikio lake halikuwa nyumbani.

Ndunge anaukaza mfereji. Nje, pampu inanguruma mara moja na kulala.

Mama Wangechi anakaa kwenye mkono wa kochi. Mabega yanaanza kumtikisika, na inachukua muda kujua kwamba anacheka. "Kumbe ni mimi nilikuwa nakunywa tangi lote," anasema.

"Leo ni siku ya faini," Warigia anatangaza kutoka mlangoni. "Wakwe wakichelewa wanatozwa. Na wewe umekausha ploti na ukamsingizia fundi. Mtolee kreti ya soda."

Kreti inatolewa papo hapo. Nyimbo zinarudi na nguvu za akiba, geti linafunguliwa, na Ephantus anaongea kwenye simu akiwa amenyoosha shingo. "Pampu iko sawa, boss. Iko sawa kabisa. Tusiokuwa sawa ni sisi." Anasikiliza, anatabasamu, anabana simu begani na kumwonyesha Ndunge vidole sita, kimoja kwa kila ploti.

Ndipo Ndunge anaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Anakubali sahani ya mukimo na nyama, na kabla hajameza tonge la pili Mama Wangechi amemshika mkono na kumpeleka mbele ya wakwe.

"Huyu ndiye fundi wetu," anawaambia wazee. "Kama pampu zenu za Thika zinalia, mwiteni. Lakini kwanza chungulieni bafuni."

"Alinisema mbele ya watu," Ndunge anasema baadaye, akifunga spana zake kwenye mfuko. "Amenisifu mbele ya watu haohao. Mimi sidai kingine."

Anachotaka sasa ni kibanda cha vipuri vya pampu kando ya barabara kule Witeithie, kati ya nyumbani kwake Thika na ploti za Juja na Ruiru, ili mwenye shida asimtafute kwa kuulizauliza. Nafasi ameshaiona, na ploti sita za kuanzia bado ni zake. Kibanda hicho, anasema, hakitakuwa cha watu kununua na kukimbia. Lazima kiwe na pa kukaa, kwa sababu mtu akikaa na kupiga hadithi, ndipo anapokumbuka ni mfereji gani aliuacha wazi.

Kiti cha kwanza anacho tayari. Soda amewagawia wapishi, na kreti tupu ameikalia.