Kitanda cha Mgeni Rasmi

Zahanati ya kijiji chetu, huku kwenye milima ya Matiri, ilikaa miezi na kufuli mlangoni ikimsubiri mgeni rasmi. Mganga alishaletwa, akawa anaishi kwa mwalimu mkuu na kumpalilia mahindi. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto hasubiri utepe ukatwe, na mwaka uliotangulia jirani yangu alijifungulia kando ya barabara, kwenye matope, akipelekwa mjini kwa bodaboda. Niliogopa sana, na nikiogopa huwa mkali. Kila nilipokutana na mtendaji wa kijiji nilitanguliza tumbo, salamu baadaye.

Uchaguzi ulipokaribia, barabara ikachongwa na tukaambiwa mgeni anakuja kesho. Asubuhi ikaja pikapu kutoka mjini na vitanda viwili, magodoro bado yana nailoni, na maboksi ya dawa. Tukapiga vigelegele. Kumbe dereva alikuwa ameagizwa arudishe kila kitu jioni.

Sasa vitanda vilitaka wagonjwa. Wagonjwa wa kweli mtendaji hakuwataka, eti wanakohoa vibaya. Akamchagua mama mkwe wangu, aliyekuwa ametoka kubeba debe la mahindi kichwani, kwa kuwa alikuwa na kitenge kipya na meno yote. Akafunikwa shuka, akafundishwa kusema huduma ni nzuri.

Mgeni rasmi akakata utepe, akaingia na kamera zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huduma ni nzuri," alijibu mama mkwe kabla hajaulizwa.

Mgeni akampa pole kwa kuugua, watu wakapiga makofi, msafara ukaondoka. Dereva akaja kuchukua vitanda. Mama mkwe hakushuka.

"Mama, sherehe imekwisha," alisema mtendaji.

"Mimi ni mgonjwa. Mgeni rasmi mwenyewe kanipa pole mbele ya kamera. Wewe ni nani wa kuniponya?"

Mtendaji alidhani atachoka. Alisahau jumuiya yetu ya kanisani. Kwetu habari ya mgonjwa ikisikika hakuna anayebaki nyumbani, na muda si muda wanajumuiya wote walikuwa wamekizunguka kitanda na rozari, ndizi za kupika, na kuku hai aliyefungwa miguu. Nani atamnyang'anya kitanda mgonjwa anayeombewa? Dereva, naye Mkatoliki, alivua kofia akaitikia Salamu Maria mpaka mwisho, kisha akaondoka na dawa na kile kitanda kingine.

Siku tatu nilimpelekea ugali na maharage, naye akalalamikia chumvi kama mgonjwa halisi. Niliona aibu, nikamwambia watu wanatucheka. "Waache wacheke," alisema, akageukia ukutani. Mtendaji alipita kila asubuhi kumjulia hali, na sijapata kumwona mtu anayemwombea mwenzake apone kwa moyo vile.

Siku ya nne, mchana, nikiwa mlangoni na hotpoti yake mkononi, uchungu ukanishika. Maharage yakamwagika sakafuni. Mama mkwe alinitazama mara moja tu. Akatupa shuka, akaruka chini, akamwita mganga kwa sauti iliyofika shambani, huku akipangusa nailoni ya godoro kwa kile kitenge chake kipya.

"Panda, mwanangu," alisema. "Mimi nimepona."