Watu Thelathini na Mmoja

Chumba cha mwangwi, kwa maana ya kwanza, ni chumba chenye kuta ngumu ambamo sauti hugonga na kurudi, mpaka ya mtu mmoja isikike kama ya wengi. Maana ya pili, ya watu wanaosikilizana wao kwa wao tu, niliisoma katika maktaba ya mjini miezi minne baada ya kumzika mke wangu.

Tulikaa ugenini, mtaa wa Overport. Nilisimamia kundi la WhatsApp la Warundi na Wakongo wa mtaa wetu. Mke wangu alikuwa na presha. Kichwa kilipomuuma na mkono wa kushoto kufa ganzi, sikuamua kabla ya kuuliza, ndiyo desturi yangu. Niliandika kundini: hospitali inapokea wageni siku hizi?

Watu thelathini na mmoja walijibu kwamba tunarudishwa mlangoni. Msusi mmoja wa Sydenham, mtaa wa jirani, ndiye aliyepinga.

"Eish, muache uoga. Mimi jana nimetoka kule, dawa iko. Papa, mpeleke mama."

"Wamekulipa ngapi?" mtu akamtania, na wengine wakacheka.

Nikamwondoa msusi kundini. Kanuni niliitunga mwenyewe: anayeleta ubishi hutoka.

"Wamesemaje?" mke wangu aliuliza kutoka kitandani.

"Tungoje kwanza."

"Sawa. Wewe ndiye msomi," akasema, akafumba macho.

Siku ya pili asubuhi hakuweza kusema. Hospitalini walimpokea bila kuuliza karatasi. Daktari alitaka tu kujua dalili zilianza lini. Kesho yake mke wangu alifariki.

Baada ya matanga nilimpigia kila mmoja wa wale thelathini na mmoja: ulijuaje? Hakuna aliyewahi kurudishwa. Huyu aliambiwa na yule, na yule alisikia sauti iliyorekodiwa, iliyotumwa kundini mwezi uliotangulia. Niliitafuta. Niliituma mimi, nikiitoa katika kundi jingine, bila kuisikiliza mpaka mwisho. Mwishoni mwanamume anayezungumza anasema hakufika hospitalini mwenyewe, alisimuliwa.

Juzi binti yetu aliuliza kwa nini hatukumpeleka mama yake siku ileile.

"Watu walisema hawatampokea."

"Watu gani, Papa?"

Nikamweleza yote, kwa mpangilio, mpaka ile sauti na aliyeituma. Kisha alikunja nguo zake, akaenda kwa shangazi yake. Simu zangu hapokei.