Kutafuta Yungiyungi la Kipepeo Milimani Imatong

Mama yangu anapoteza macho. Daktari hapa Juba alisema yatafifia polepole hadi yazime kabisa, na dawa haipo. Mama hakulia. Aliniomba kitu kimoja: nimletee yungiyungi la mwitu la milimani kwao Imatong. Watu wa kwao huliita kipepeo, kwa kuwa petali zake nyekundu zenye ukingo wa njano hujikunja nyuma kama mabawa.

"Mimi iko nataka kuona hii maua mara moja tu," alisema. "Mlima yote inakuwa nyekundu."

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Uganda, na kila jioni Mama aliusimulia mlima huo huku akisonga posho, ugali wa kambini. Niliupenda kabla sijauona, na bado nazikumbuka jioni zile kwa uchungu mtamu.

Alfajiri, sokoni Custom, nilifunga kibanda changu cha vitenge nikapanda lori la kwenda mji wa Torit. Kilikuwa kiangazi. Mtu wa Juba mwenye akili zake hasafiri upande ule wakati wa mvua, maana atalala kwenye tope. Vumbi lilinipaka hadi kope, nami nikawa na furaha ya kijinga.

Kutoka Torit nilichukua boda boda, kisha nikaenda kwa miguu. Jioni nilifika kwa mama mdogo, ndugu yake Mama, aliyerudi kutoka kambini kabla yetu. Alinikumbatia, akavitazama viatu vyangu, akacheka.

"Hii kiatu ya Custom itakufa hapa!"

Asubuhi tulipanda. Niliona mawe meusi, nyasi zilizoungua, vijito vilivyokonda. Ua, sikuona hata moja. Nilishikwa na hasira, nikamuuliza maua yako wapi.

Mama mdogo alifukua udongo kwa kijiti, akanionyesha kiazi kilichopinda.

"Iko chini, inalala. Inatoka na mvua tu. Mama yako hajui?"

Akakifukia. Hakukubali nikibebe, kwa sababu kina sumu na nyumbani kwetu kuna watoto.

Njia nzima ya kurudi nilitunga uongo, nikauacha. Nilipofika Juba nilimweleza Mama ukweli.

"Tulikimbia wakati ya mvua," akasema. "Hiyo ndio picha nilibeba. Kiangazi nimesahau."

Kumbe miaka yote nilikuwa nimesimuliwa mlima wa msimu mmoja, na Mama mwenyewe alikuwa akiishi katika msimu huo mmoja. Nilimhurumia mno, nikaanza kuomba msamaha. Akanishika mkono.

"Wacha. Mvua iko mbali, na hii macho haiwezi kungoja. Sasa niambie vile mlima iko."

Nikamweleza mawe meusi, vijito, nyasi zilizoungua. Mara akanikatiza, sauti ikiwa ya msichana.

"Moshi! Ndiyo, kiangazi moshi ya nyasi ilikuwa inaingia nyumba yetu, na mama yangu anatufukuza nje, sisi wote tunacheka!"